Chienge: Ganda la risasi na ukomo wa sheria

Wilaya ya Chienge, kwenye mwambao wa Ziwa Mweru nchini Zambia, inapakana na Pweto ya Kongo. Mji huo ulipotekwa na waasi Desemba 2000, maelfu ya raia na wanajeshi walivuka mpaka, na askari wakapokonywa silaha. Mwaka 2017 wakimbizi walivuka tena. Makazi ya Mantapala yakafunguliwa Nchelenge mwaka uliofuata.

Hata hivyo, kukusanya bunduki ni nusu ya kazi. Risasi ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Ganda lililokwisha kutumika laweza kujazwa upya kwa mashine ya mezani, kazi ambayo nchini Marekani ni burudani ya walenga shabaha. Lakini alama ya kiwanda hubaki kitakoni mwa ganda, na mpelelezi huelekezwa kwa mtengenezaji asiyehusika. Gobore halihitaji hata ganda: baruti, fataki na vipande vya chuma vyatosha.

Itifaki ya SADC ya mwaka 2001 inataja risasi pamoja na silaha. Bila kudhibiti baruti na fataki, vitu vinavyofichika kwa urahisi ndani ya mtumbwi, ahadi hiyo haitawafikia wakazi wa mwambao.