BUNGENI KISWAHILI, DARASANI KIMYA

Mtoto wa Ikungi hulelewa kwa Kinyaturu, wa Iramba kwa Kinyiramba. Akianza shule ya msingi hupewa Kiswahili, akakishika. Hufundishwa usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na mfano uko nje ya dirisha: alizeti. Anaelewa. Akifika Kidato cha Kwanza anaambiwa aeleze jambo hilo hilo kwa Kiingereza, lugha ambayo hajawahi kuombea hata maji ya kunywa. Ananyamaza. Mwalimu akimwonea huruma humfafanulia kwa Kiswahili, lakini mtihani unakuja kwa Kiingereza. Mtoto anakariri asichokielewa. Akifeli, tunaambiwa watoto wa Singida ni wazito.

Uongo mtupu! Mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa wa Kidato cha Nne nchi nzima waliambulia sifuri, hata baada ya matokeo kupangwa upya. Nao wote ni wazito?

Serikali ya CCM haiwezi kusema haikushauriwa. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Ikapuuzwa. Ukaja msaada wa Uingereza wa kufufua Kiingereza mashuleni. Mradi ukapita, mgonjwa akabaki kitandani. Sera ya 1995 ikang'ang'ania Kiingereza. Sera ya 2014 ikatamka kwamba Kiswahili kitatumika ngazi zote, tukapiga makofi. Hakuna kilichofuata. Januari 31, 2025, pale Dodoma, likazinduliwa toleo jipya la sera hiyo hiyo: sekondari ni Kiingereza! Miaka zaidi ya kumi ya danadana.

Wanadai Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Tangu mwaka 1990 TUKI ilikwisha kutoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Waziri wa Fedha anasoma bajeti ya mabilioni kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Hivyo mtu anaweza kuhukumiwa kifungo kwa Kiswahili, ila kufundishwa mzunguko wa damu haiwezekani!

Hatusemi Kiingereza kitimuliwe. Kifundishwe kama somo, na walimu wanaokijua, tena kwa nguvu. Mtoto apimwe Kiingereza kwenye mtihani wa Kiingereza, na biolojia kwenye biolojia.

Anayefaidika na mchezo huu ni nani? Kigogo amempeleka mwanawe shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea. Mlalahoi wa Mkalama anaambiwa shule ya kata inamtosha, kisha watoto hao wawili wanapewa karatasi moja ya mtihani.

Msomaji, mbunge au diwani akija kijijini kwako kuomba kura, usimuulize habari za barabara peke yake. Muulize mbele ya mkutano: watoto wako wanasoma wapi, na kwa lugha gani?