Kamera ya halmashauri ikifungwa Chanji, nani atakaa kwenye skrini?

Ni rahisi kuelewa kwa nini mwenye kibanda cha miamala ya simu pale Chanji angependa halmashauri ifunge kamera barabarani. Giza likiingia na hesabu bado hazijafungwa, macho ya ziada si mabaya. Dereva bodaboda aliyewahi kuibiwa pikipiki naye hatabisha.

Kamera zinasaidia kweli. Mfanyabiashara Mohammed Dewji alipotekwa Dar es Salaam Oktoba 2018, picha za kamera zilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo polisi walivitumia kufuatilia gari lililohusishwa na tukio lile.

Kwa hiyo ubishi wa "zifungwe, zisifungwe" hauna maisha marefu. Vifaa vimeshuka bei, miji inajenga masoko na stendi mpya, na Manispaa ya Sumbawanga, ambayo Chanji ni moja ya kata zake, haitaukwepa mjadala huu milele. Kinachosahaulika ni kitu kingine: picha ikishachukuliwa, nani anaiona, inakaa wapi, na inafutwa lini?

Kamera iliyookoa, kisha ikaumiza

Kuna kisa cha zamani kidogo ambacho kila diwani angepaswa kukijua kabla ya kupitisha bajeti ya kamera.

Usiku wa Agosti 20, 1995, mwanaume mmoja mwenye msongo mkubwa wa mawazo alikuwa akitembea peke yake katikati ya mji wa Brentwood, Uingereza. Alikuwa na kisu cha jikoni mkononi na alikuwa amekata tamaa ya kuishi. Hakujua kwamba kamera ya halmashauri ya mji inamwona. Mfanyakazi wa chumba cha skrini aliona kisu, akawaita polisi. Walifika, wakamnyang'anya kisu, akapata matibabu. Hakushtakiwa kwa kosa lolote.

Hadi hapo huwezi kuilaumu kamera.

Shida ilianza baadaye. Halmashauri ilitaka kuwaonyesha wananchi kuwa mradi wao una faida, ikazitoa zile picha. Zikatokea kwenye jarida lake, zikaenda magazetini, kisha kwenye televisheni. Sehemu nyingine sura yake haikufichwa vizuri. Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake wakamtambua. Usiku mbaya kuliko yote katika maisha yake ukageuka tangazo la mradi.

Mahakama za kwao hazikumpa haki. Ilibidi afike Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ambayo Januari 2003, katika kesi ya Peck dhidi ya Uingereza, iliamua kwamba faragha yake ilivunjwa, na akapewa fidia ya euro 11,800. Hoja ya mahakama inaeleweka hata kijiweni: kupita barabarani ukaonwa na mpita njia ni jambo moja, kuonyeshwa kwa umma mzima bila idhini yako ni jambo jingine kabisa.

Mji ambao watu wanajuana

Brentwood ni mji wa kawaida tu. Aliyeumia aliumizwa na kutambuliwa na watu wanaomfahamu, na hapo ndipo Chanji inapoingia.

Kariakoo, mtu kwenye skrini ni mtu tu. Chanji ni mtoto wa fulani, anayesali kanisa fulani, anayedaiwa na fulani. Anayekaa kwenye skrini huenda amesoma naye. Ataona nani anaingia kliniki kuchukua dawa kila mwezi, nani anatoka baa saa nane usiku, nani anapita sana kwenye ofisi ya chama gani. Hahitaji teknolojia ya kutambua sura. Macho yake yanamtosha.

Tena hahitaji hata ujuzi wa kompyuta ili kuvujisha. Anaelekeza simu yake kwenye skrini, anarekodi sekunde 15, anatupia kwenye grupu la WhatsApp. Kwisha habari. Na huu ni mji ambao jina lake lenyewe watu hulitafsiri kuwa "tupa uchawi": klipu ya bibi kizee aliyetoka nje usiku wa manane inaweza kuzaa hadithi ambayo hakuna mwenyekiti wa mtaa atakayeweza kuizima.

Sheria ipo

Watu wengi hawajui kuwa Tanzania ina sheria inayogusa jambo hili moja kwa moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa na Bunge mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Juu yake kuna Ibara ya 16 ya Katiba, inayolinda faragha ya kila mtu.

Sheria hiyo haihusu benki na kampuni za simu peke yake. Taasisi za umma nazo zimo, na halmashauri ni taasisi ya umma. Anayekusanya taarifa binafsi anatakiwa kujisajili kwenye Tume, kukusanya kwa lengo halali linalojulikana, kutotumia taarifa hizo kwa lengo jingine, na kutozihifadhi muda mrefu kuliko inavyohitajika. Video inayoonyesha mtu anayetambulika ni taarifa binafsi kama ilivyo namba yake ya NIDA.

Kwa Chanji kuna kipengele kizito zaidi. Taarifa za watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Kamera yoyote ya barabarani itawanasa wanafunzi asubuhi na mchana, siku tano kwa wiki. Ukiirekodi njia hiyo mwezi mzima, unajua mtoto gani anapita saa ngapi na anatembea na nani. Ni taarifa nzuri kwa mlinzi, lakini ni nzuri zaidi kwa mtu mbaya.

Anayetoa taarifa za watu kinyume cha sheria anaweza kupigwa faini ya hadi Sh20 milioni au kufungwa hadi miaka 10. Mfanyakazi wa chumba cha skrini anatakiwa kulijua hilo siku ya kwanza kazini, si siku ya kukamatwa.

Mlango wa "usalama"

Sheria yenyewe ina matundu. Inatoa nafuu pale taarifa zinapohusu usalama wa taifa au kuzuia uhalifu, na neno "usalama" lina tabia ya kutanuka. Mei 2024, katika kesi iliyofunguliwa na wakili Tito Magoti, Mahakama Kuu ilikubali kuwa baadhi ya maneno ya kifungu cha 22 na 23 hayaeleweki vya kutosha, ikaipa serikali mwaka mmoja kuyarekebisha.

Uganda ni mfano wa jinsi neno hilo linavyotanuka. Baada ya msemaji wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, kuuawa kwa risasi Machi 2017, Rais Museveni aliagiza kamera zifungwe. Mkataba na Huawei ukawa wa dola milioni 126. Lengo lililotangazwa lilikuwa wauaji. Novemba 2020, baada ya maandamano ya kupinga kukamatwa kwa Bobi Wine, polisi walisema kamera hizohizo zimewasaidia kuwapata washukiwa wa vurugu. Kamera iliyofungwa kwa ajili ya mwizi haijui tofauti ya mwizi na mwandamanaji. Anayeijua ni aliyeishika.

Kenya imeonyesha upande wa pili. Septemba 2023, ofisi yake ya ulinzi wa data iliipiga faini shule moja Sh4.55 milioni za Kenya kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja. Hizo zilikuwa taasisi binafsi. Kuibana halmashauri ni kazi nyingine.

Kabla nguzo haijasimama

Baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka. Siku hoja ya kamera ikifika mezani, mazungumzo yataenda kwenye idadi na bei, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoonekana. Labda mtu atakumbuka kuuliza umeme ukikatika itakuwaje, maana Rukwa imetegemea umeme wa Zambia kwa miaka mingi.

Diwani wa Chanji anaweza kuuliza vitu vya chini kuliko hivyo. Ufunguo wa chumba cha skrini unakaa kwa nani? Simu zinaachwa mlangoni? Kuna daftari la kuandika nani ameomba klipu, lini na kwa kesi gani? Polisi wakitaka picha, wanaleta barua au wanapiga tu simu? Zinafutwa baada ya siku 30 au zinakaa mpaka diski ijae? Hakuna swali hapo linalohitaji mtaalamu kutoka Dodoma.

Uingereza, baada ya kuungua, ilitoa mwaka 2013 mwongozo wa kamera wenye kanuni 12, na halmashauri zinatakiwa kuuzingatia. Mojawapo inataka wananchi wajue pa kuuliza na pa kulalamika. Kwa Chanji hilo ni bango moja kwenye nguzo, kwa Kiswahili cha kawaida: kamera ni ya nani, ni ya kazi gani, na namba ya kupiga.

Na namba hiyo ikipigwa, iwe inapokelewa.