Mlango Ulipobishwa Usiku



Mwezi uliopita mwalimu mmoja kijana, mgeni katika shule iliyo karibu na kigango chetu, aliniuliza neno ambalo sikuweza kumjibu mara moja. Alisema, "Mwalimu, imekuwaje mtu akiwa kiongozi huwasaidia watu kwa furaha, naye akiisha kuondolewa katika uongozi hawajui tena watu wale wale?" Nikamwambia nitamjibu katika ukurasa huu. Sikumwambia ya kwamba swali lake lilinichoma, kwa sababu mtu wa namna hiyo nalikuwa ni mimi. Basi leo namjibu yeye pamoja nanyi nyote, nami naomba mnisikilize kwa uvumilivu, maana si jambo jepesi mtu kujisema mwenyewe.

Kwa muda wa miaka tisa nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya wahitaji kigangoni. Kazi ya kamati hiyo mwaijua: kukusanya mahindi na maharage wakati wa mavuno, kuwatembelea wazee na wajane, kuwapeleka wagonjwa hospitali, na kuwaangalia yatima wasiache shule. Niliipenda kazi hiyo. Tena nakiri ya kuwa nilipenda kuitwa mwenyekiti. Katika mikutano kiti changu kilikuwa mbele, karibu na Baba Paroko, na watu walipopatwa na shida walisema, "Twende kwa Mwalimu." Neno hilo lilikuwa tamu masikioni mwangu kuliko nilivyodhani.

Ukafika mwaka wa uchaguzi. Watu wakamchagua mtu mwingine, mkulima kijana, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha katekisimu alipokuwa mtoto. Hakuna aliyenitendea vibaya. Walinishukuru mbele ya kanisa, wakanipa jogoo na shuka, nami nikasimama nikasema maneno mazuri. Lakini nilipomwona kijana yule ameketi katika kile kiti, moyo wangu ulisinyaa. Nikaanza kuhesabu makosa yake. Akichelewa, naliona. Akitangaza jambo kwa kusitasita, nalicheka kimoyomoyo. Kazi ya ukatekista niliendelea nayo, nikiongoza sala na kufundisha kama desturi, bali kwa habari ya wahitaji nalijiambia, "Wamemchagua wamtakaye, na wamwendee huyo."

Usiku mmoja wa mwezi wa Februari, mvua ikinyesha kama inyeshavyo huku kwetu Ufipa mwezi ule, mlango wangu ulibishwa. Nilipofungua nilimwona mtoto wa miaka kama kumi, amejifunika mfuko wa mbolea kichwani, anatetemeka. Nilimjua. Alikuwa akikaa na bibi yake, mjane, katika nyumba ya mwisho upande wa bondeni.

Akasema, "Shikamoo, mwalimu. Bibi amezidiwa. Anasema uje."

Ndugu zangu, niliwaza baridi, nikawaza tope, kisha nikawaza kiti. Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu. Nenda kwa mwenyekiti. Siku hizi mambo hayo yako kwake."

Mtoto hakubisha. Alisema, "Haya, mwalimu," akageuka, akaingia gizani. Nyumba ya mwenyekiti ilikuwa upande wa pili wa kijiji, mwendo wa karibu saa nzima kwa mtoto katika tope lile. Mke wangu akauliza toka chumbani ni nani aliyekuja, nami nikamjibu kwamba ni mtoto aliyepotea njia. Hivyo katika usiku mmoja nilimkataa mgonjwa, tena nikasema uongo.

Mwenyekiti aliondoka saa ile ile. Aliwaamsha vijana wanne, wakamchukua bibi kwa machela mpaka barabara kuu, wakapata gari alfajiri. Daktari alisema ni kichomi. Bibi akafariki siku ya tatu. Sisemi ya kwamba kama ningalikwenda mimi angalipona; daktari hakusema hivyo, wala mimi sikuthubutu kumwuliza. Nasema hili tu, kwamba aliniita, nami sikwenda.

Siku ya maziko niliongoza sala. Mtoto alisimama karibu na kaburi, nami nilingoja awaambie watu kwamba alianza kubisha kwangu. Hakusema siku ile, wala hajasema hata leo. Kila asubuhi akipita kwenda shule husimama, huinama kidogo kama tunavyowafunza watoto wetu, na kuniamkia. Nawaambia kweli, sijapata kuona hukumu nzito kama heshima ya mtoto yule.

Nalidhani labda nitaweza kunyamaza. Lakini matangani wengine walianza kunong'ona kwamba bibi amerogwa, na macho yao yakaelekea nyumba ya jirani mmoja, mama mzee asiye na mtu wa kumtetea. Mwajua watu husema jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake ni kutupa uchawi. Mwajua pia ya kuwa neno la kunong'onwa matangani laweza kumfukuza mtu nyumbani mwake, au kumfanyia mabaya kuliko hayo. Ndipo nikaogopa. Nikaona kwamba nikinyamaza, kosa langu atavikwa mtu mwingine, na wivu wangu, ambao ndio uliokuwa uchawi wa kweli katika jambo hili, utabaki umejificha chini ya kanzu ya katekista.

Nilianza kwa mke wangu. Kisha nikaenda kwa mwenyekiti, nikamweleza yote. Alikaa kimya kitambo. Hakunihukumu, wala hakunifariji. Akasema, "Mwalimu wangu, mtoto tunaye hapa, atakaa na wanangu. Lakini shamba la marehemu halijalimwa, na mvua zinakaribia kwisha. Mimi jembe la pili ninalo." Jumapili iliyofuata, baada ya sala, nikasimama mbele ya watu, nikasema mtoto alibisha wapi kwanza na alijibiwa nini. Minong'ono ile ikakoma. Wengine hawakunisalimu kwa wiki kadhaa, na walikuwa na haki.

Katika siku zile za majuto nilikumbuka hadithi ambayo wazee wa Ufipa husimulia kwa namna nyingi. Wasema kwamba Mwene wa kwanza, Ntatakwa, alikaa Milansi. Siku moja, naye hayupo nyumbani, wakafika wanawake watatu wageni kutoka mbali, wa ukoo wa Watwa. Mkewe akashikwa na hofu, na mmoja wa wageni wale akakalia kiti cha Mwene. Mwene aliporudi akakuta kiti kimekaliwa. Katika hadithi hii hakuna vita. Walipatana: Watwa wakapewa kutawala nchi, na Milansi ikabaki na eneo lake dogo pamoja na heshima ya kuwa ya kwanza. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni hadithi ya mtu aliyeshindwa. Sasa naiona kwa njia nyingine. Yeye alinyang'anywa kiti akabaki na heshima yake. Mimi nilipewa asante na jogoo, nikaitupa heshima yangu mlangoni kwangu mwenyewe.

Lakini mtu aweza kusema hayo ni mambo ya hadithi tu. Basi yuko mtu aliyeishi kweli, na jina lake limewekwa katika hospitali ya kanisa mjini petu Sumbawanga. Wengi hulitaja jina la Dkt. Atiman kila siku bila kujua alikuwa nani.

Adrian Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866, kandokando ya mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Akiwa mtoto alinyakuliwa na wafanya biashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria. Huko Wamisionari wa Afrika, ndio Mapadre Weupe, walimkomboa kwa fedha, wakamsomesha. Mwaka 1881 Kardinali Lavigerie, aliyelianzisha shirika hilo, alifungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta, ili vijana wa Kiafrika wafundishwe udaktari pamoja na dini, wapate kuwahudumia Waafrika wenzao. Atiman akawa mmoja wa vijana hao. Mwaka 1889 akafika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, ambako Mapadre walikuwa wameingia mwaka 1885. Karema leo imo katika Mkoa wa Katavi, lakini jimbo letu la Sumbawanga limetoka katika misheni ile, na mpaka mwaka 1969 liliitwa Jimbo la Karema.

Atiman alikaa Karema hata alipofariki mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: ni miaka 67. Hakuwa padre, hakuwa Mwene, hakuwa bwana wa serikali. Alikuwa daktari na katekista, mwenye mke na watoto, na mwanawe Joseph akawa padre. Aliwaona Wajerumani wakija na kuondoka. Akawaona Waingereza wakishika nchi, naye akafa miaka mitano kabla ya Uhuru. Maaskofu walifika, wakafa, wakaja wengine. Wakubwa wote hao walikalia viti na kuviacha, na muda huo wote wagonjwa walibisha mlango wa mtu yule yule.

Nalimfikiri sana. Kama yupo mtu aliyekuwa na sababu ya kuwanunia wanadamu, ni yeye, ambaye wanadamu walimwiba kwa wazazi wake na kumwuza kama mbuzi. Watu wa Karema hawakuwa wa kabila lake, wala lugha yao hakuinyonya kwa mama yake. Mimi nilinuna kwa sababu ya kiti cha mbao, katika kijiji nilichozaliwa.

Sasa nirudi kwa swali la mwalimu kijana. Mtu yule huacha kuwasaidia watu kwa sababu tangu mwanzo alichanganya mambo mawili, kuwapenda watu na kupenda kuitwa na watu. Mambo haya hutembea pamoja njia moja, hata mwenyewe hawezi kuyatenga, mpaka siku atakapoondolewa. Siku hiyo ndipo hujulikana ni lipi lililokuwa likimwamsha usiku.

Kutokana na hayo nawaomba mambo matatu. Ninyi walimu, mkiwapa watoto uongozi wa darasa, wapokezaneni mara kwa mara, na yule anayeuacha apewe kazi ya kumsaidia anayeuingia, ili ajifunze mapema ambayo mimi nilijifunza nikiwa na mvi. Ninyi mliochaguliwa karibuni, msiwasahau waliowatangulia. Waiteni, waulizeni habari, kama mwenyekiti wetu alivyonipa jembe badala ya kunipa aibu. Nanyi mlioondolewa, kama mimi, mtu akija mlangoni kwenu na kukosea mwenye zamu, msimrudishe. Nendeni naye kwanza; habari za zamu zitasemwa asubuhi.

Mwezi wa Machi mwaka ule tulilima shamba la marehemu, mwenyekiti na mimi na mtoto. Mwaijua kazi yetu ya matuta ya mviringo, tuyaitayo ntumba. Kabla mvua hazijakwisha twageuza udongo pamoja na manyasi yake, twayafunika yakae gizani yaoze, na msimu unaofuata twayatawanya matuta na kupanda ulezi. Mtoto alikuwa akirundika manyasi, nami nikifunika. Akaniuliza, "Mwalimu, haya manyasi hatutayaona tena?" Nikamjibu, "Hatutayaona, ila tutakula ulezi wake." Akaendelea kurundika. Msimu uliofuata alivuna, na debe la kwanza alilipeleka mwenyewe kwa yule mama mzee jirani.

Sasa mimi si mwenyekiti wa kitu chochote. Taa yangu naiweka karibu na mlango, na viatu vya mvua chini yake. Jioni hii, baada ya sala ya nyumbani, waulizeni watoto wenu: mlango wetu ukibishwa usiku, ni nani huinuka kwanza? Watawajibu kweli, kwa kuwa wao huona. Jibu hilo lishikeni mpaka mwezi ujao.

Niombeeni, nami nawaombea.

Ndugu yenu,
Katekista