Fundi anayetaja bei akiwa mlangoni msimpe stoo yenu

Ndugu zangu wakulima na wafanyabiashara, wengi mnaoleta mzigo Dar mnaniuliza kuhusu stoo za Kariakoo. Mnachangishana watu wanne watano, mnakodi stoo kuukuu nyuma ya nyumba ya mtu, kisha mnatafuta fundi wa kuikarabati. Hela nyingi hupotea hapo.

Mimi nasema mchukueni fundi mzoefu, hata akiwa ghali mara mbili.

Nyumba za zamani za Kariakoo nyingi zilijengwa kwa miti na udongo, nyingine kwa mawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa taratibu. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea. Kuna kikundi nakifahamu kilimpa kazi kijana aliyemaliza kwa siku tatu. Stoo iling'aa kweli. Masika ilipofika lipu ikavimba na kubanduka, na magunia yaliyogusa ukuta yakaota ukungu. Mahindi yale yaliingia makavu, chini ya asilimia 13.5 tunayowafundisha kila msimu! Na ukungu si wa kuchezea: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara.

Aliyeitwa kurekebisha alikuwa mzee mmoja mpole. Hakutaja bei. Aligonga ukuta kwa kidole, akachoma boriti kwa bisibisi kutafuta mchwa, akauliza maji ya bati yanaelekea wapi. Bei aliitaja kesho yake, watu wakaguna. Alibandua saruji yote, akarudisha lipu ya chokaa, akageuza njia ya maji, akawaambia magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Mvi peke yake si ufundi, lakini. Mwombe akupeleke kwenye kazi aliyoifanya miaka mitano iliyopita, ikiwezekana baada ya mvua. Vifaa nendeni naye Gerezani mkanunue wenyewe, na malipo yawe kwa hatua.

Mkitaka kuvunja ukuta au kuchimba sakafu ili mpate nafasi, hiyo si kazi ya fundi wa mtaani. Mnakumbuka jengo lililoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, likaua watu zaidi ya 20? Walioshuhudia walizungumzia kazi iliyokuwa ikiendelea chini ya jengo. Mambo hayo ni ya mhandisi na mkandarasi aliyesajiliwa, na fundi mzoefu atakuambia hivyo yeye mwenyewe kabla hujamuuliza.

Halafu kuna mwenye nyumba, na hili mnalisahau sana. Ukuta ni wake. Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa chokaa, andikishaneni mbele ya serikali ya mtaa kwamba gharama itakatwa kwenye kodi, na ni kwa miezi mingapi. Bila karatasi hiyo, mtamkarabatia, kisha atapandisha kodi kwa sababu stoo sasa ni nzuri.