Wazazi Wenzangu, Tuje na Rangi ya Ubao

Kikao cha wazazi cha muhula ujao kikifika kwenye mengineyo, naomba tusimame na jambo moja: kuzidisha.

Mpe mtoto wa darasa la nne 23 mara 14. Kuna atakayechora vijiti pembeni mwa daftari mpaka mkono uchoke. Na kuna atakayezidisha 20 kwa 10 apate 200, kisha 3 kwa 4 apate 12, aandike 212 na kukusanya daftari akiwa na uhakika kabisa. Huyu wa pili si mvivu, na tebo anazijua. Ukimwekea mkasi mwekundu umemwambia amekosa, lakini hujamwonyesha wapi. Fimbo ndiyo kabisa.

Sasa mchoree mstatili kwenye daftari la miraba: miraba 23 kwenda kulia, 14 kwenda chini. Zile 23 zigawe kuwa 20 na 3. Zile 14 ziwe 10 na 4. Mstatili umekatika vipande vinne: 200, 30, 80 na 12. Jumla 322. Vile vipande viwili alivyoviruka, 30 na 80, viko wazi mbele yake, na kidole chake mwenyewe kitavifikia kabla hujasema neno.

Si mbinu ya juzi. Al-Khwarizmi, kule Baghdad katika karne ya 9, alithibitisha kanuni zake za aljebra kwa kuchora miraba na mistatili. Na vipande hivyo hivyo vinne humngojea mtoto sekondari, siku atakapoambiwa afungue mabano mawili. Wangapi kati yetu tulikariri kanuni ile bila kujua imetoka wapi?

Tebo zibaki, tafadhali. Asiyejua 3 mara 4 mstatili hautamwokoa. Ila tebo peke yake inaishia 12 mara 12, na hesabu haziishii hapo.

Najua mwalimu ataguna: darasa limefurika, silabasi inamkimbiza, na madaftari ya miraba si kila mzazi ananunua. Ana haki ya kuguna. Ndiyo maana siwaelekezi walimu, nawaita wazazi.

Tukubaliane na mwalimu mkuu na kamati ya shule, kisha tufanye msaragambo Jumamosi moja. Ukuta mmoja wa darasa, kwa kimo cha watoto, upakwe rangi nyeusi ya ubao, halafu fundi apige mistari myeupe isiyofutika: miraba 25 kwa 15, kila mmoja wa sentimita 10. Ni mita mbili na nusu kwa moja na nusu tu. Watoto watachora mistatili yao kwa chaki, wafute, wachore tena. Mafundi vigae na mafundi rangi tunao humu humu mtaani. Kupima na kupiga mistari iliyonyooka ndiyo kazi yao. Wengine tutashika kamba na kupiga msasa.

Nyumbani, mtoto akikosea, tumuulize kipande kipi hajakihesabu, kisha tunyamaze mpaka akitafute.

Mwenye kopo la rangi ya ubao lililobaki stoo asilitupe, aje nalo kikaoni. Fundi atakayejitolea aandikishe jina kwa katibu wa kamati siku hiyo hiyo, tarehe ipangwe kabla hatujatawanyika.