Scrabble Itolewe Mikononi mwa Mwalimu wa Kiingereza

Mwambie mzazi wa Kiamaiko, Nairobi, kwamba mwanawe anataka kwenda kushindana Scrabble wikendi, na swali lake la kwanza litakuwa: "Na hicho Kiingereza anakijua?" Mwambie mwalimu wake, naye atakuelekeza idara ya Kiingereza, atafute kwanza alama za mtoto katika insha. Mwambie kijana mwenyewe, aliyeketi nje ya kibanda akisukuma vifuniko vya soda kwenye ubao wa drafti, atakucheka: "Hiyo ni ya mababi." Watatu hawa hawakubaliani juu ya mambo mengi, lakini kwa hili wako kitu kimoja. Na wote wamekosea.

Imani yenyewe inaonekana haina ubishi. Scrabble inachezwa kwa maneno, maneno ni ya Kiingereza, basi anayejua Kiingereza zaidi ndiye atakayeshinda. Ingekuwa kweli, yule bwana anayeitwa Nigel Richards asingekuwa na kombe lolote la Kifaransa nyumbani kwake.

Richards ni raia wa New Zealand anayeishi Malaysia. Julai 2015 alikwenda Louvain-la-Neuve, Ubelgiji, kwenye mashindano ya dunia ya Scrabble ya Kifaransa. Kifaransa hakijui. Kusalimu aliweza, na kutaja hesabu za alama; zaidi ya hapo alihitaji mkalimani. Wiki kama 9 hivi kabla ya safari alichukua orodha ya maneno ya Kifaransa akaanza kuikariri. Kwenye fainali alimshinda Schélick Ilagou Rekawe wa Gabon, nchi ambayo Kifaransa ndicho lugha ya shule, ofisi na redio. Mwaka 2018 alirudi akalichukua taji tena. Halafu Novemba 2024, mjini Granada, akafanya vilevile kwa Kihispania, lugha nyingine asiyoizungumza.

Najua jibu linalokuja: huyo ni jini, hahesabiki. Haya, tumwache. Twende Thailand, ambako Kiingereza si lugha ya nyumbani wala ya sokoni, na ambako watoto wa shule kwa maelfu hujazana kila mwaka kwenye mashindano ya King's Cup. Panupol Sujjayakorn wa Thailand alikuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza mwaka 2003 kule Kuala Lumpur. Mwenzake Pakorn Nemitrmansuk akalichukua taji hilohilo Johor Bahru mwaka 2009. Wachezaji wengi wa Thailand wanayajua maneno kwa sura yake na alama zake, maana hawaihitaji. Waamuzi hawaulizi maana. Mwamuzi huingiza neno kwenye kompyuta, kompyuta husema lipo au halipo, basi.

Halafu kuna Nigeria, ambayo inatuhusu zaidi. Novemba 2015, kule Perth, Australia, Wellington Jighere alimshinda Mwingereza Lewis Mackay michezo minne kwa sifuri, akawa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia. Nchini kwake Scrabble hutambuliwa rasmi kama spoti, na wachezaji hufanya mazoezi na makocha kama wanariadha. Lakini kilichowashangaza wengi ni mbinu. Wanigeria walikuwa wamepiga hesabu wakaona kwamba kukimbilia maneno marefu kila zamu humwachia mpinzani ubao ulio wazi nawe hubaki na kete mbovu. Wakajifunza kutumia maneno mafupi, hasa ya herufi 5, kuuziba ubao na kuweka akiba ya kete nzuri. Neno lililosifiwa sana siku ile ya fainali lilikuwa FELTY: herufi 5, alama 36. Hilo halipatikani kwa kusoma riwaya. Ni maarifa ya mtu anayejua lini afungue mlango na lini aufunge.

Hata asili ya mchezo inawasuta wenye imani hii. Alfred Butts, aliyeubuni Marekani miaka ya 1930, alikuwa msanifu majengo aliyepoteza kazi wakati uchumi wa dunia ulipoanguka. Alichukua magazeti akaanza kuhesabu herufi, ipi inatokea mara ngapi. Ndiyo maana hadi leo mfuko una kete 100, na kati ya hizo E ziko 12, S ni 4 tu, Q moja, Z moja, na kete tupu 2. Butts alihesabu, wala hakutunga shairi.

Sasa tazama kinachotendeka mezani. Mashindano ya wikendi huanza Jumamosi asubuhi, mchezo baada ya mchezo, kila mmoja karibu saa nzima, na Jumapili mnarudia. Katikati ya meza pana saa ya pande mbili kama ya chesi. Kila mchezaji ana dakika 25 kwa mchezo mzima, na kila dakika ya ziada humtoa alama 10. Mfuko wa kete huinuliwa juu ya macho wakati wa kuchota ili mtu asichungulie. Na kando ya kila mchezaji mzoefu pana karatasi yenye herufi zote 100, ambazo huzikata moja moja kadiri zinavyotua ubaoni. Mgeni hudhani anaandika maneno. Anafanya uhasibu. S tatu zimeshatoka, mimi sina hata moja, basi ya nne iko mfukoni au kwake. Nikiliacha neno hili mahali linapoweza kuongezwa S, nitalia. Mfuko ukiisha, mambo huwa wazi kabisa: toa kete zilizo ubaoni, toa ulizo nazo, zinazobaki ni zake, herufi kwa herufi. Kuanzia hapo mnacheza huku kila mmoja akiiona mikono ya mwenzake. Atakayemaliza kete zake kwanza huongezewa maradufu ya alama za kete alizobaki nazo mpinzani. Mtu akikwama na Q mwishoni, Kiingereza chote cha Oxford hakimsaidii.

Na orodha ya maneno je? Collins, inayotumika kwenye mashindano ya kimataifa, ina maneno karibu 280,000. Hata profesa aliyezaliwa London hayajui mengi ya hayo. Hilo lina maana kubwa kuliko tunavyodhani: sehemu kubwa ya orodha ni ngeni kwa kila mtu anayeketi mezani. Aliyesoma shule ya kulipia huko Karen na aliyesoma shule ya umma ya mtaani wote watakutana na neno CWM kwa mara ya kwanza, na wote watalazimika kulikariri. Maneno ya herufi mbili, ambayo ndiyo gundi ya mchezo mzima, yalifika 127 katika toleo la 2019. Kwa kukariri 5 kila siku, mwezi haujaisha umeyamaliza.

Tena orodha hiyo imejaa vitu vyetu. Mtoto wa Kiamaiko anaingia ukumbini akiwa tayari na MATATU, SHAMBA, DUKA, PANGA, ASKARI, POSHO, UGALI, KANZU na MZEE, yote halali, na hakuna aliyemfundisha. Hata huongezewa S ya wingi, KANZUS na MZEES, na hapo mwalimu wa Kiswahili namwomba afumbe macho tu.

Kama ni hivyo, imani hii inatoka wapi? Inatoka shuleni, na haikuanza na Scrabble. Kenya tumekifanya Kiingereza kuwa kipimo cha akili. Wengi wetu tunakijua kile kipande cha ubao, diski, alichovishwa mtoto shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika habari zake mwaka 1986, na hakuwa anasimulia hadithi za kale. Mtu aliyekulia hivyo, akiona mchezo wenye maneno ya Kiingereza, moja kwa moja huona mtihani, na moja kwa moja hujua watakaofaulu ni akina nani.

Marafiki wa Scrabble nao wameizidisha hali. Wanautangaza mchezo shuleni kwa ahadi kwamba "utainua Kiingereza cha watoto". Ndiyo sababu sanduku hukaa kabatini mwa idara ya Kiingereza, na anayeruhusiwa kuligusa ni yule aliyekwisha kufanya vizuri katika insha. Ahadi yenyewe ni ya uongo. Hakuna mtoto aliyejifunza kuandika barua ya kuomba kazi kwa kujua kwamba QI na ZA ni halali. Mchezo huu humfundisha mtu kukumbuka, kukadiria, kupanga upya, na kustahimili bahati mbaya ya kuchota I nne mfululizo. Hayo ni mengi na yanatosha.

Hasara ya imani hii naiona waziwazi katika jambo moja dogo la kanuni. Katika Scrabble, kuweka neno lisilokuwepo si kosa. Ukiliweka na mpinzani akanyamaza, linahesabiwa na linabaki. Akilipinga, mwamuzi huitwa. Likiwa la uongo unaliondoa na zamu imekupita, likiwa la kweli yeye hutozwa kidogo, mara nyingi alama 5. Sasa mkalishe kijana wa Kiamaiko mbele ya kijana anayeongea Kiingereza cha puani. Yule wa puani anaweka neno ambalo hata yeye hana hakika nalo, lakini analiweka kwa madaha, anabonyeza saa, anaegemea kiti. Wetu analitazama. Hajawahi kuliona kwenye orodha aliyoikariri usiku na mchana. Lakini ndani yake kuna sauti ya diski inayomwambia: huyu ndiye mwenye lugha, wewe ni nani? Ananyamaza. Alama 60 zinapita. Hakushindwa kwa kutojua, maana alijua neno halipo. Alishindwa kwa kuamini kwamba mwenzake anajua zaidi.

Sitaki kudanganya kwamba Kiingereza hakisaidii kitu. Wakiketi wageni wawili wa mchezo, mmoja akiwa na Kiingereza na mwingine hana, wa kwanza atashinda, na huenda akaendelea kushinda kwa miezi kadhaa. Pia kuna suala la pesa: ubao wa mashindano, saa na nauli si vitu vya kuokota njiani. Lakini faida ya lugha huyeyuka kadiri mtu anavyopanda meza, na huko juu, Perth na Granada zimetuonyesha, haipo kabisa. Mlango wa kuingilia ndio unaolindwa na Kiingereza.

Na nani asiyejua hesabu za Kiamaiko? Mbuzi wa Marsabit, Moyale na Isiolo wakishushwa kwenye lori karibu na machinjio, dalali humshika mmoja mgongoni, akambonyeza mara moja karibu na mkia, akataja kilo za nyama kabla kisu hakijanolewa. Akilini ameshaigawa ngozi, kichwa, miguu na matumbo, kila kimoja na mnunuzi wake na bei yake ya leo, na muuzaji aliye mbele yake anamjibu kwa Kiborana wakati wakala mwingine anamvuta kwa Kisomali. Mtoto anayelelewa hapo husikia lugha nne kabla ya kufika darasa la kwanza. Kupindua herufi hakumshindi: vijana wa Eastlands ndio walioligeuza neno "stori" likawa "risto", kama watoto wa Pwani walivyokuwa wakisema Kinyume, lugha ya kupindua maneno, tangu zamani, hata mmisionari Edward Steere akakitaja katika kitabu chake cha Kiswahili karne ya 19. Na wale wa drafti na vifuniko vyao vya soda wanaona mbele hatua nne, tano, huku wakibishana kuhusu mpira. Wanachokosa ni kuambiwa kwamba mchezo huu unataka kilekile wanachokifanya tayari.

Kwa hiyo, mkuu wa shule, lifungue kabati, ulitoe sanduku, umpe mwalimu wa hisabati. Nanyi mnaoandaa mashindano ya wikendi, leteni hata duru moja Kiamaiko, na mnapomsajili mtoto msimuulize alipata ngapi katika Kiingereza. Mpeni orodha ya maneno 127 mwezi mmoja kabla. Na mwambieni kabla hajaketi: neno usilolijua, lipinge.