Bendi za ndugu: damu hujenga, maandishi hulinda

KATIKA vijiji vya Ufipa, kuanzia Kate wilayani Nkasi hadi viunga vya Sumbawanga, si ajabu kuwakuta ndugu wa tumbo moja wakiimba kwaya moja au wakipokezana gitaa. Swali lisiloulizwa mapema ni hili: siku nyimbo zao zitakapoanza kuingiza fedha, mwenye mali atakuwa nani?

Historia ya muziki wetu inatoa somo. Wilson, William na George Kinyonga walitoka Tanga, ambako walipitia Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 walihamia Arusha, na mwaka uliofuata wakavuka mpaka kuingia Kenya, walikoiongoza bendi ya Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitenga na kuunda Les Wanyika, ambayo nayo ilipata umaarufu mkubwa. Jina la awali lilibaki kwa ndugu. Hata hivyo, George alifariki dunia mwaka 1992, Wilson akamfuata mwaka 1995, na bendi ikafikia tamati.

Huko Pwani ya Kenya, ndugu wa familia ya Harrison walianzisha mwaka 1969 kundi lililokuja kujulikana kwa jina la Them Mushrooms. Walichanganya chakacha na ngoma za nyumbani kwao na magitaa ya umeme. Wimbo wao wa Jambo Bwana, uliotungwa na Teddy Kalanda, ulivuma hadi kundi la Boney M likatoa toleo lake mwaka 1983.

Mifano hii inaonyesha nguvu na udhaifu wa bendi za aina hiyo. Ndugu huelewana kwa ishara, huvumiliana wakati wa njaa na hawahitaji kutafutana kwa ajili ya mazoezi. Lakini kuaminiana huko ndiko huwafanya waone aibu kuandikiana mkataba. Mmoja akifa au akiondoka, wajane, watoto na wasanii walioajiriwa hubaki wakibishana juu ya jina la bendi na mapato ya nyimbo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na haki za kiuchumi za kazi yake huweza kurithiwa. Ulinzi huo hauji kwa sababu ya usajili. Lakini kazi iliyosajiliwa COSOTA, ikiwa na majina ya watunzi wote, ni ushahidi usiotegemea kumbukumbu za mjomba.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Kwa vijana wa Kate na kwingineko wanaoshika magitaa leo, busara ni kuandika kila mmoja ana sehemu gani ya shamba kabla mahindi hayajakomaa. Hilo halivunji undugu. Linaulinda.